Salari Slipu ya Kulwa

Jumatatu ile Doto alikuja ofisini kwangu na salari slipu ya Kulwa.

Hakuja kwa hasira. Alibisha hodi, akasubiri nimalize simu, akasalimia, kisha akatoa karatasi mfukoni, akaiweka mezani na kuinyoosha kwa kiganja. "Kaka, hii imekuja kwenye barua pepe yangu. Nimeisoma mpaka chini ndipo nikaona jina." Akanyamaza kidogo. "Sasa nimeshaisoma. Nifanyeje?"

Kulwa na Doto ni pacha. Mtu wa Kanda ya Ziwa hahitaji kuambiwa. Kwa Wasukuma, wa kwanza kutoka huitwa Kulwa, wa pili Doto, na mtoto anayewafuata huitwa Shija. Nimeyaacha majina hayo kwa sababu yamejaa kila mtaa kuanzia Igoma hadi Kitangiri na hayamwanikii mtu siri yake. Doto alikuwa mtunza stoo, Kulwa dereva wa lori. Walikuwa wakichanga kumjengea mama yao nyumba huko Magu, nusu kwa nusu, na kwa miezi mitatu mfululizo Kulwa alikuwa amemwambia pacha wake kwamba hana kitu. Karatasi ilionyesha sababu: makato ya mkopo wa SACCOS, mkubwa, ambao Doto hakuwahi kuusikia.

Aliyemwambia ni mimi. Sikufungua kinywa, lakini ni mimi.

Taasisi yenyewe sitaitaja. Ilikuwa na makao yake Mwanza mjini na matawi ng'ambo na visiwani, Geita, Nansio, Bukoba, na waajiriwa waliozidi elfu moja. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha kwamba mtu akiandikishwa Utumishi, jina lake linafika kwenye barua pepe, kwenye mfumo wa stoo, kwenye kadi ya getini na kwenye mishahara bila mtu kulichapa upya mara nne. Katikati kuna direktori, yaani orodha kuu ya watu wote, na pembeni kuna mifumo mingine. Kila mfumo una tarishi wake wa kupeleka na kuleta habari. Tarishi huyo sisi tunamwita draiva. Kulwa aliposikia neno hilo alicheka: draiva ya kompyuta imempora kazi dereva wa lori na kumpa mtunza stoo.

Draiva yetu ya zamani ilikuwa ya mafaili. Kila usiku mfumo wa Utumishi ulitema faili la maandishi, mstari mmoja kwa mtu mmoja, mikato katikati, nayo draiva ililisoma na kupeleka mabadiliko kwenye direktori. Ilikuwa imefanya hivyo tangu kabla sijaajiriwa. Ilikuwa na polepole yake: mtu akihamishwa leo, kesho yake ndipo mifumo inajua. Wakubwa walitaka habari zifike ndani ya dakika, na kuna draiva nyingine inayoweza hilo, ya kuunganisha moja kwa moja na hifadhidata. Hifadhidata ikiguswa, kitu kinachoitwa triga kinaandika mstari katika jedwali la matukio. Draiva inapita kila baada ya sekunde kadhaa, inauchukua, inaondoka. Kwenye karatasi ni jambo jepesi. Toa tarishi mzee, weka tarishi kijana. Tulijipa Ijumaa moja usiku, Septemba 2020, na mimi niliwaambia vijana wangu wawili kwamba saa 4 tutakuwa mwaloni Kirumba tunakula sato.

Saa 4 hatukuwa Kirumba. Nitaeleza tulichokifanya, kwa sababu nimekuja kugundua kwamba watu wengi wenye vyeti vikubwa kuliko vyangu wamekifanya pia.

Programu inayoendesha draiva hizi ina historia ya kuchekesha kwa kitu kinachohusika na utambulisho. Ilizaliwa katika kampuni ya Novell ya Marekani kwa jina la DirXML, ikabatizwa upya kuwa Identity Manager. Mwaka 2011 Novell ikanunuliwa na Attachmate, programu ikahamia chini ya jina la NetIQ. 2014 Attachmate ikaunganishwa na Micro Focus. 2023 Micro Focus nayo ikamezwa na OpenText. Imebadilisha ukoo mara nyingi kuliko mtu yeyote ninayemjua. Hata hivyo, ukifungua kumbukumbu ya mtu ndani ya direktori, utakuta sehemu moja bado inaitwa kwa jina la utotoni: DirXML-Associations. Humo ndimo mlimo na roho ya kazi nzima.

Sehemu hiyo hubeba viungo. Kila kiungo kina vipande vitatu vilivyotenganishwa kwa alama ya reli: jina la draiva, tarakimu moja ya hali (1 maana yake kimeshakamilika), na ufunguo unaomtambulisha mtu huyo upande wa pili. Kwa maneno mengine, kiungo kinasema: huyu Doto wa kwenye direktori ndiye yule mwajiriwa namba fulani wa kule Utumishi. Jina linaweza kubadilika, idara ikabadilika, mwanamke akaolewa akachukua jina la mumewe. Kiungo kikiwepo, draiva haiulizi tena mtu huyu ni nani. Ilishauliza siku ya kwanza, ikajibiwa, ikafunga.

Sasa angalia kipande cha kwanza: jina la draiva. Kiungo ni mali ya draiva. Draiva mpya haikijui. Na ukiifuta draiva ya zamani kutoka kwenye direktori, direktori kwa uadilifu wake inapita kwa kila mtu na kufuta kila rejeo linaloitaja. Watu wanabaki. Majina yanabaki. Kinachoondoka ni lile jibu la "huyu ndiye yule", kwa watu wote, kwa mkupuo mmoja.

Sisi tuliifuta. Saa 3 na robo usiku, kwa nia njema kabisa, ili mbili zisigongane.

Draiva mpya ilipoamka haikumjua mtu. Ikafanya inachofanya kila draiva isiyokuta kiungo: ikatafuta wa kufanana naye. Sharti la kufananisha nilikuwa nimeliandika mwenyewe na nilikuwa najivuna nalo. Wenzangu walitaka jina la ukoo na tarehe ya kuzaliwa. Nikawaambia hapana, hapa kwetu nusu ya watu wenye umri wangu walizaliwa tarehe 1 Julai, na wengine tarehe 1 Januari, kwa sababu hiyo ndiyo tarehe mwalimu mkuu aliyoandika mtoto alipofika shuleni bila cheti. Nikachagua namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa. Ina tarakimu 20, haifanani kati ya watu wawili, na wakati ule kila mtu alikuwa nayo au alikuwa akiisaka: usajili wa laini za simu kwa alama za vidole ulikuwa umefungwa Januari 20 mwaka uleule, na foleni za vitambulisho tulizisimama sote. Utumishi walikuwa wamekusanya namba hizo matawini kwa fomu, wakazichapa kwenye Excel, kisha zikapakiwa kwenye mfumo wao, na kwa baadhi ya watu kwenye direktori pia.

Kosa lilikuwa kwenye Excel. Programu ile hushika tarakimu 15 za mwanzo za namba yoyote. Zinazobaki inazigeuza sifuri, kimyakimya, bila kukohoa. Namba ya NIDA inaanza na tarakimu 8 za tarehe ya kuzaliwa, zinafuata 5 za mahali. Hapo tayari ni 13. Zinabaki 2 tu kabla ya panga kushuka. Watu wawili waliozaliwa siku moja na kusajiliwa mahali pamoja, ambao tofauti yao yote ilikuwa mkiani, wanatoka wakiwa na namba moja. Na ni nani anazaliwa siku moja na kusajiliwa mahali pamoja na mwenzake?

Kwenye direktori, Doto alikuwa na namba hiyo iliyokatwa. Kulwa hakuwa na yoyote. Fomu yake ilichelewa. Mstari wa Kulwa ulipotangulia kufika kutoka Utumishi, draiva ikatafuta, ikamkuta mtu mmoja tu mwenye namba ile, Doto, ikafunga kiungo na kumwandikia jina, idara na namba ya ajira ya Kulwa. Mstari wa Doto ulipofuata, draiva ilikataa: huyu tayari ana mwenyewe. Ilisema hivyo wazi katika logi. Logi ya usiku ule ilikuwa na mistari maelfu na sisi tulikuwa tunatazama mshale wa kijani ukituambia draiva iko hai. Jumatatu, mfumo wa mishahara ukatafuta barua pepe ya mwenye namba ya ajira ya Kulwa, ukachukua ya kwanza uliyoiona, ukatuma.

Pacha walikuwa ndio tuliowasikia. Wengine walikuwa 40 na kitu.

Siku hizo hapakuwa na sheria ya kuniuliza. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa 2022 na kuanza kutumika Mei 1, 2023. Leo ningepaswa kuandika barua kwa Tume inayosimamia sheria hiyo na kueleza. Wakati ule nilichopaswa kufanya ni kuwaita ndugu wawili, kuwakalisha, na kuomba radhi kwa kitu ambacho hakirudi. Kulwa alisema "yamekwisha" kabla sijamaliza, kwa namna ambayo ulijua hayajaisha. Nyumba ya Magu ilisimama kwenye linta mwaka mzima. Sidai ni kwa sababu yangu peke yangu.

Nakala rudufu ilikuwepo, ya miezi minne nyuma. Tuliifufua kwenye seva ya pembeni isiyounganishwa na mtandao, tukachomoa viungo vya zamani kwenye faili. Hiyo iliwarudisha wengi. Waliobaki, yaani walioajiriwa au kuhamishwa ndani ya miezi minne ile, ilibidi tuwatambue mmoja mmoja, na hapo ndipo nilipopelekwa kwa mtu ambaye nilipaswa kuwa nimeanza naye.

Nitamwita Mama wa Utumishi. Wote tulimwita Mama tu. Alikuwa amebakiza miaka miwili kustaafu. Ofisi yake ilikuwa chini, upande wa dirisha linaloangalia mawe, na kwenye kabati alikuwa na kaunta buku saba. Katika kila moja, kwa mkono wake, watu wote waliopita: jina kama mwenyewe anavyolitamka, jina kama lilivyo kwenye cheti, kijiji, jina la mama mzazi, namba ya ajira, na kama namba ilibadilika, ya zamani na sababu. Wakubwa walimcheka. Mimi pia, nakiri, niliwahi kumwambia kwamba karatasi zake zitaliwa na mchwa.

"Mwangaluka, Mama," nilisema mlangoni, Kisukuma changu cha kuombea msamaha.

"Mwangaluka. Umewapoteza wangapi?"

Alikuwa ameshasikia. Tulikaa siku tatu. Mimi nasoma jina kwenye skrini, yeye anafungua daftari. Kuna mtu mmoja ambaye mifumo yetu ilikuwa naye mara nne: Ng'wandu, Ngwandu, Mwandu, na mara ya nne kwa alama ya kupinda ambayo programu ya kuandikia barua huiweka yenyewe mahali pa ile iliyonyooka. Kwa kompyuta hao ni wanne. Isitoshe, ile alama iliyonyooka, katika lugha ya hifadhidata, ndiyo inayofunga maneno. Ukiipeleka bila kuikinga, sentensi yako inakatika katikati ya jina la mtu. Nusu ya makosa ya draiva mpya yalikuwa hapo. Mfumo uliandikwa na watu wasiokuwa na ng' katika majina yao, na hilo si kosa lao, lakini sisi tulioununua tulijua tunaishi wapi. "Huyo ni mmoja," Mama alisema bila kuinua kichwa. "Ana kovu hapa."

Siku ya pili nilimuuliza kwa nini alianza kuandika. Alisema Mei 1996 alikuwa karani mchanga, na mwenzake wa ofisi alikuwa Bukoba likizo. MV Bukoba ilizama asubuhi ya tarehe 21, ikiwa imekaribia Mwanza. Meli ile iliruhusiwa abiria 430. Orodha iliyokuwepo ilikuwa na watu 443, wa daraja la kwanza na la pili. Daraja la tatu halikuwa na orodha kabisa. Mwenzake alikuwa na pesa ya daraja la tatu. "Tulikwenda bandarini, tukaambiwa jina hilo halimo. Mama yake akafurahi." Alifunga daftari lile na kuchukua jingine. Makaburi ya waliozama yako Igoma. Nilikuwa nayapita kila siku kwenda kazini.

Sikusema kitu. Baadaye nilifikiri kwamba mimi nilikuwa nimefanya kinyume chake, nikawa na orodha kamili, mistari yote, na nikawaangamiza watu walewale walioandikwa humo. Orodha ya kwanza haikuwa na watu. Ya kwangu ilikuwa na watu wasio wao.

Mpango wa pili tuliuandika kwa miezi sita, na sehemu kubwa ya miezi hiyo hatukugusa draiva mpya hata kidogo. Tuliisoma ya zamani. Hili ndilo ninalolisisitiza kwa vijana hadi wananichoka: draiva iliyofanya kazi miaka kumi haifanyi tu kile kilichoandikwa katika mwongozo wake. Imefundishwa. Kila fundi aliyepita ameiongezea kanuni, mara nyingine saa 2 usiku simu ikilia, na hakuandika sababu. Tulifungua kanuni moja baada ya nyingine na kuzichapa kwenye karatasi, tukazibandika ukutani. Nyingi zilieleweka. Moja haikueleweka: ikiwa kituo cha kazi ni 07, usipeleke tarehe ya mwisho wa mkataba. Hakuna maelezo, hakuna jina la aliyeiweka.

Nilitaka kuitupa. Kanuni isiyo na mwenyewe ni takataka, nilisema, na vijana wakaitikia kwa kichwa kwa sababu mimi ndiye bosi. Mama alipita akiwa na kikombe cha chai, akasoma ukutani.

"07 ni Nansio," akasema.

Mikataba ya vibarua wa Ukerewe ilifika Mwanza kwa meli, ikiwa imesainiwa, wiki tatu au nne baada ya ule wa zamani kuisha. Ziwa likichafuka, zaidi. Kwenye mfumo wa Utumishi kila mwaka kulikuwa na mwezi mmoja ambao watu wote wale hawakuwa waajiriwa, huku wakiwa kazini, jasho linawatoka. Fundi mmoja wa zamani aliona akaunti zao zinafungwa, akaweka kanuni ile, maisha yakaendelea. Draiva mpya, inayosikia kila mguso wa hifadhidata ndani ya dakika, ingewafungia nje wote siku moja, na ingekuwa sahihi.

Tulibishana juu ya hilo kuliko jambo lolote lingine. Mimi, baada ya kuaibika, niligeuka kuwa mlinzi wa kanuni: tuihamishe kama ilivyo. Mama ndiye aliyekataa. Kanuni ile, alisema, imewafanya wakubwa wasijue kwamba mikataba inachelewa. Iondoeni, lakini kwanza mpeni afisa wa Nansio ruhusa ya kuingiza mkataba mwenyewe palepale kisiwani. Ikachukua miezi miwili kupata saini za ruhusa hiyo. Nilipanda meli kwenda kumfundisha. Dakika 20 zilitosha.

Januari 2021 nilikwenda Geita kwa ajili ya kazi hiyohiyo, kulinganisha majina na sura. Njia kuu ya Geita wakati ule ilivuka kutoka Kigongo hadi Busisi kwa kivuko. Ujenzi wa daraja ulikuwa umeanza, mitambo imejaa majini, na kivuko kinapita kandokando yake na malori na mabasi na mbuzi kama kawaida. Kila mtu wa Mwanza mwenye kalamu ameshalitumia daraja lile kwa mfano wa kitu fulani, ndoa, siasa, imani, nami nilikuwa nimejiapiza kutolitumia. Ila nilisimama kwenye ukingo wa kivuko nikakumbuka saa 3 na robo ya usiku wa Septemba, na nikajisikia mjinga kimwilini, joto likinipanda masikioni. Daraja lilifunguliwa Juni 19, 2025. Miaka yote ile mitano hakuna aliyefikiri kukiondoa kivuko ili kisigongane na nguzo.

Tulipanga mwisho wa Machi. Kisha Rais Magufuli akafariki, mwili wake ukapitishwa Mwanza kuagwa Kirumba, mji ukasimama, nasi tukasimama nao. Tukasogeza hadi Pasaka, Aprili 2 hadi 5, siku nne za ofisi kufungwa.

Safari hii draiva ya zamani hatukuifuta. Tuliizima, na hata kuzima kuna namna: ukiisimamisha tu, direktori inaendelea kuiwekea matukio kwenye foleni kana kwamba itarudi kesho, faili linavimba mpaka diski inajaa. Ukiiweka katika hali ya kulemazwa, haiwekewi kitu. Tukailemaza. Viungo vyake vyote vikabaki mahali pake, tukavitoa kwenye faili, tukanakili faili hilo mara tatu, moja kwenye flashi niliyoivaa shingoni kama rozari. Kijana mmoja alinipiga picha. Ninayo.

Halafu hatukuiachia draiva mpya itafute mtu yeyote. Kiungo cha zamani kilikuwa na namba ya ajira peke yake. Cha mpya kinataka jina la safu yenye ufunguo, namba, jina la jedwali na jina la skima. Vyote vinajulikana. Basi tukavitengeneza viungo vipya sisi wenyewe kutoka kwenye vya zamani, kwa programu fupi ya kijana wangu, ukurasa mmoja, tukaviweka kwenye direktori kabla draiva haijaamka. Ilipoamka, ilimkuta kila mtu ameshatambulishwa. Hapakuwa na swali la kuuliza. Nikikumbuka fahari niliyokuwa nayo juu ya sharti langu la kufananisha, nacheka. Sharti bora la kufananisha ni lile lisilopata nafasi ya kufanya kazi.

Tulianza na watu kumi. Mshauri mmoja aliyekuwa akitusaidia kwa simu alisema tuchague kumi kwa bahati nasibu. Mama alikuwa na kumi wake. Walikuwemo pacha, bila shaka. Alikuwemo Ng'wandu mwenye kovu, na mwalimu mmoja aliyeolewa, akaachika, akarudia jina la baba yake. Alikuwemo aliyeacha kazi 2015 akarudi 2018 kwa namba nyingine, mmoja mwenye vyeo viwili katika matawi mawili, wawili wa tarehe 1 Julai wa kata moja. Na marehemu mmoja, ambaye familia yake ilikuwa bado inafuatilia mafao na hivyo jina lake halikupaswa kuguswa. "Hao wakipita," alisema, "wengine ni mboga."

Na tulifungua mlango kidogo tu. Kichujio cha draiva tulikiacha kipitishe kitu kimoja, namba ya simu ya mezani, ambayo hata ikikosewa hakuna anayelia. Tukabadilisha namba kumi Utumishi, tukasoma logi mstari kwa mstari, kwa sauti, mmoja anasoma na mwingine anaitikia, kama Zaburi. Umeme ulikatika saa 7 usiku wa Jumamosi. Jenereta likaunguruma, UPS zikalia, Mama akaingia akitokea mkesha wa Pasaka, kitenge kipya, kaunta buku mbili kwapani na chapati kwenye hotpoti. Tulikula tukisoma.

Jumapili mchana tukaongeza cheo na idara. Jioni, hali ya ajira. Jumatatu, watu wote. Makosa tuliyoyapata yalikuwa tisa, na yote tisa yalisimama. Hakuna lililopita na kwenda kumwamsha mtu. Jumanne asubuhi nilikaa ofisini nikisubiri hodi. Ilipofika saa 5 bila mtu kuja nilishuka mwenyewe hadi stoo. Doto alikuwa anahesabu matairi. Aliniona, akatoa simu, akafungua barua pepe, akanionyesha bila kusema neno: jina lake, idara yake. Kisha akaendelea kuhesabu.

Draiva ya zamani ilikaa katika hali ya kulemazwa mwaka mzima. Wakaguzi wa ndani waliniandikia mara mbili wakitaka kujua kwa nini kuna kitu kisichofanya kazi kwenye seva. Nilijibu kwa barua ndefu. Siku nilipoifuta hatimaye, niliandika tarehe na saa kwenye kaunta buku ya nane, ambayo ni yangu.

Mama alistaafu 2022, akahamia Buswelu, anafuga kuku. Kabati na madaftari aliyaacha. Kabla ya kuondoka tulikuwa tumeweka kanuni moja kwa ombi lake: mwajiriwa mpya ambaye taarifa zake zinagongana na za mtu aliyepo asiundiwe akaunti wala asiunganishwe na mtu yeyote, asimame tu hapo, na barua pepe itumwe kwa binadamu. Wakubwa waliipinga kwa sababu inachelewesha. Inachelewesha kweli.

Mwaka uliofuata barua pepe moja kama hiyo iliniamsha asubuhi. Mwajiriwa mpya, jina la ukoo lilelile, kijiji kilekile cha Magu, na namba ya NIDA ambayo tayari ni ya Doto. Karani mpya wa Utumishi, ili asichape yote upya, alikuwa amenakili fomu ya mtu wa ukoo huo na kusahau kubadilisha namba. Draiva ilikuwa imesimama, inasubiri. Niliweza kumaliza mwenyewe, lakini nilipiga simu Buswelu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Nani tena?" Nyuma yake kuku wanapiga kelele.

Nikamsomea: Shija, halafu ukoo.

Alicheka mpaka akakohoa. "Na wewe unaniuliza mimi? Jina limeshakwambia kila kitu. Shuka chini ukamwone."

Nilishuka. Alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya mlango wa Utumishi, bahasha ya vyeti magotini, viatu vimepigwa rangi. Nilijaribu kuitafuta sura ya kaka zake pale usoni. Hakufanana nao hata kidogo.